Boti Ilale Nyumbani

Gari lililokuja kunipokea stendi ya Kasulu nililitambua kabla halijasimama. Lilikuwa limepakwa rangi ya kijani badala ya ile nyeupe ya zamani, na kioo kimoja cha ubavuni kilikuwa kimezibwa kwa bati, lakini ndoano ya nyuma ilikuwa ileile, chuma kinene kilichochomelewa bila aibu. Akashuka kijana mrefu, amevaa baraghashia, akaniamkia, akachukua begi langu kabla sijalitoa begani. "Karibu Mwalimu. Mama Mkubwa amesema usipande bodaboda." Nilitaka kumuuliza yeye ni nani, na huyo Mama Mkubwa ni nani, kwa sababu katika nyumba niliyoijua mimi kulikuwa na Mama Zuhura tu, na hakuwa mkubwa wala mdogo wa mtu. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye basi tangu alfajiri na kichwa kilikuwa kinavuma, basi nikapanda mbele. Nilikuja kwa dua ya arobaini ya Mzee Sefu, mwenye nyumba wangu wa zamani. Nyuma yangu, ndani ya gari, mabenchi mawili ya mbao yalikuwa bado yapo, yametazamana, yameng'aa kwa kukaliwa. Niligeuka kuyaangalia, nikageuka tena. Mimi niliyaacha mapya, na hayakuwa na mtu.

Watu wakiniuliza Kasulu nilifanya nini, nawaambia nilifundisha fizikia. Ni kweli, ila si kweli yote. Mwaka 2014, karibu mwaka mzima, kazi yangu kubwa ilikuwa kuchagua gari la kazi linaloweza kuvuta boti, mimi ambaye sina leseni, siogelei, na mpaka leo nikiona gari naona rangi kwanza. Nakaribia arobaini sasa, gari langu mwenyewe nimenunua kwa kumtuma shemeji, na bado nikiufikiria mwaka ule najishika kiuno. Ilikuwaje watu wazima wawili, wenye akili zao timamu, wakaiweka ndoa yao mikononi mwa binti aliyekuwa hajui hata kusonga ugali wa muhogo ukashika?

Nilikuwa nimepanga chumba uani kwao. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, kitanda, meza, ndoo, basi, na dirisha lake lilitazama boti. Ndiyo, boti. Juu huku, milimani, mahali ambapo ziwa ni safari ya nusu siku kwa gari, uani kwa Mzee Sefu kulikuwa na boti ya mbao imekaa juu ya tela la magurudumu mawili, pua yake inaelekea choo. Siku ya kwanza kufungua dirisha nilidhani ni mtumbwi wa kunyweshea ng'ombe. Kuku walitaga humo. Mama Zuhura alianika humo mihogo. Nilipouliza, nikajibiwa kama vile nimeuliza baiskeli inafanya nini uani: "Ni boti ya Baba Zuhura ya dagaa." Nikasema aah, nikijua nitaelewa baadaye. Sikuelewa.

Kosa langu lilikuwa kusema kwetu ni Tanga. Mzee Sefu alikuwa mtu wa Ujiji, mwenye duka la misumari, mabati na rangi pale mjini, na aliposikia Tanga aliweka kikombe chini. "Tanga! Basi wewe boti unazijua." Nikamwambia Mzee, mimi ni wa Muheza, kwetu ni machungwa, bahari nimeiona kwenye safari ya shule na nikatapika. Akacheka mpaka akafuta macho. "Mtoto wa Tanga hajui boti! Acha masihara, Mwalimu. Halafu si unafundisha fizikia? Nguvu, mvutano, mwendo?" Nikasema ndiyo, lakini. Hiyo lakini hakuna aliyeisikia. Tangu siku hiyo nikawa mtaalamu. Nikikataa wanasema nina adabu. Nikinyamaza wanasema nafikiri. Kuna kipindi nilianza kujiuliza kama kweli sijui.

Sasa, kwa nini boti ilale mlimani? Mzee Sefu alikuwa akishuka ziwani kununua dagaa katika vijiji visivyo na barabara, anakwenda kwa boti kutoka Ujiji, anakusanya magunia, anarudi, anayapandisha Kasulu na Kibondo kuyauza. Zamani boti ilibaki kule kule Ujiji. Alikodi lori kupandisha mzigo, basi. Lakini mwaka mmoja kabla sijafika, alishuka mwanzo wa mvua akarudi mvua zimekwisha. Hayo nilisimuliwa na Mama Zuhura jikoni, tukichambua maharage kwenye ungo. Alikuwa Muha wa Kasulu hasa, mwanamke mwembamba, asiyepaza sauti, na Kiswahili chake kilipanda na kushuka kama njia za kwao. "Alirudi," akasema, "shati lake lina kifungo kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Mimi ndani ya nyumba hii sina uzi mwekundu." Akatupa punje mbovu. "Sikumuuliza. Nilikwenda Ujiji na lori, nikapandisha boti, nikaileta hapa. Nikamwambia, Baba Zuhura, kuanzia leo boti italala nyumbani. Ukitaka kwenda, nenda, lakini ivute urudi nayo."

Nilishika maharage mkononi nikasahau kuyachambua. "Na yeye akakubali?"

"Ego," akasema, ndiyo ya Kiha. "Akakubali. Ila gari la kuivuta hatuna. La kukodi linamshinda, kila safari ugomvi na wenye magari. Sasa amepata nafasi ya kununua gari la duka. Mwalimu, nisikilize. Akinunua gari lisilovuta, boti itabaki ziwani. Boti ikilala ziwani, na yeye atalala ziwani. Mimi sina kingine ninachotaka kwa huyu mume. Nitafutie gari la kuvuta." Akaniangalia. Mimi nikasema sawa, Mama. Ningesema nini? Nilikuwa nimekula kwake mchana ule, samaki mgebuka kwa mawese, na kipande cha kichwa alinipa mimi.

Basi ungedhani mambo yameisha, yametulia. Wapi! Kesho yake Mzee Sefu akaniita dukani, akanivutia kigoda nyuma ya mapipa ya rangi, akaagiza chai ya tangawizi na chapati, akazungumza habari za shule, mvua na bei ya mabati, mpaka chai ikapoa. Ndipo akainama. "Mwalimu, katika hilo gari, mimi nataka viti."

"Viti vya nini, Mzee?"

"Vya watu."

"Watu gani? Nyumbani mko wawili, Zuhura yuko bweni."

"Watu wapo," akasema. Akachukua chapati yake, akaikata, akairudisha sahani bila kula. "Gari la kazi lisilo na viti ni mkokoteni. Mama Zuhura atakwambia kuvuta, kuvuta. Wewe mwambie viti ni muhimu. Akikwambia wewe mtu wa Tanga atakubali."

Nikatoka dukani nimechanganyikiwa kabisa. Nilidhani anataka kufanya biashara ya abiria. Halafu nikadhani hataki boti irudi, kwamba viti ni njia yake ya kupiga chenga, gari la viti ni gari jepesi, gari jepesi halivuti, boti inabaki, na yeye anabaki na mwenye uzi mwekundu. Nikamkasirikia. Usiku nikiwaza, asubuhi nikimwona anamwagia kuku maji na kumwita mke wake "mama yangu" kwa sauti ya upole, hasira zinaisha. Nikimwona mke anamtengea maji ya kuoga, moto kama anavyopenda, nasema huyu mama anamfunga mtu wa watu kwa kamba ya boti. Kila niliyekula naye ndiye aliyekuwa na haki. Na nilikula na wote wawili.

Gari la kwanza lilikuwa haisi. Mwenyewe alikuwa amechoka kubeba abiria akataka kuuza, na Mzee Sefu akaja nalo uani siku ya Jumapili, anatabasamu kama bwana harusi, akafungua mlango wa pembeni ili tuone viti. Vilikuwa vingi kweli, vya plastiki nyekundu. Mama Zuhura hakuchungulia hata ndani. Alikwenda nyuma, akainama kutazama chini ya bampa, akasema, "Lifungeni boti tuone." Wakanigeukia mimi. Nikafanya nini? Nikachukua chaki mfukoni, mwalimu hakosi chaki, nikachora kwenye sakafu ya baraza kilima, gari, boti, mishale ya nguvu, nikaanza, "Kwanza tuchukulie hakuna msuguano." Mama Zuhura akatazama nje, ambako mvua ya jana ilikuwa imeifanya barabara nyekundu iwe utelezi mtupu, akasema, "Masika hapa, Mwalimu, huna haja ya kuchukulia." Hata mwenye haisi alicheka. Nilifuta mchoro wangu kwa kandambili.

Wakafunga tela kwa kamba na mnyororo, wakaweka magunia ya maharage ndani ya boti mahali pa dagaa, haisi ikaanza kupanda kilima cha kwenda sokoni. Mwanzoni ilikwenda vizuri. Mzee Sefu akapiga makofi. Kufika katikati, boti iliukandamiza mkia wa gari, matairi ya mbele yakawa mepesi, dereva anageuza usukani na gari haligeuki, halafu yale ya nyuma yakaanza kuzunguka mahali pamoja yakirusha tope. Tukasikia mayowe ya Kiha ya watu wa pembeni, yemwe! yemwe!, na vyote viwili vikarudi kinyumenyume, polepole, kwa heshima, mpaka tela likaingia kwenye shamba la jirani na kuangusha migomba. Hakuna aliyeumia. Mama Zuhura alikwenda mwenyewe kumwomba jirani radhi, kwa Kiha, kwa muda mrefu. Nilipomtazama Mzee Sefu alikuwa amekaa kwenye haisi, kwenye kiti cha nyuma kabisa, peke yake, mikono magotini.

Baada ya hapo ikaja zamu ya pikapu. Hiyo aliileta Mama Zuhura, kwa kupitia binamu yake. Ilikuwa ya dizeli, kubwa, ya sura mbaya, na ilipovuta boti ilipanda kilima kile bila hata kubadilisha sauti. Mama Zuhura akasimama na mikono kifuani. Nami nikasema, kwa raha kabisa, "Hili ndilo." Mzee Sefu akafungua mlango, akatazama kiti kimoja kirefu cha mbele, akafunga. "Halina viti," akasema. Mke wake akasema, "Dagaa hawakai kwenye viti." Akasema, "Hapana. Hili hapana." Wakasimama pande mbili za pikapu, hawatazamani, wananitazama mimi. Mzee akaniuliza, "Mwalimu, unasemaje?" na nilichosema, najionea haya kukumbuka, ni kwamba nina madaftari ya kusahihisha.

Siku zilizofuata nyumba ile ilikuwa haikaliki. Hawakugombana, heri wangegombana nikasikia! Waliongea vizuri tu, chumvi ipo, chumvi ipo, na chakula kikaanza kuja chumbani kwangu mara mbili, sahani ya mke na nyama aliyonunua mume. Nilikonda huku nakula. Nilifikiria kuhama. Kisha siku moja nikiwa na walimu wenzangu nikasikia mmoja anasema kwao Kibondo kuna gari linauzwa, la mradi fulani uliofunga ofisi, la boksi, refu, linavuta matairi yote manne, limekaa Kitahana kwa mzee mmoja aliyelinunua akaona linamzidi. "Lina viti?" nikauliza. "Vilitolewa," akasema, "walikuwa wanabebea mabomba." Nikaona sawa, halina viti lakini lina nafasi ya viti. Nilikwenda kuwaambia mbio mbio, kwa sababu ndilo wazo pekee nililopata mwaka mzima lililokuwa la kwangu.

Tukaenda Kibondo watatu kwa basi, mimi nimekaa katikati yao, kwa kuwa kila mmoja alitaka dirisha. Tulifika mchana tukaingia kwenye mgahawa karibu na stendi, wenye pazia la shanga mlangoni na redio inayocheza muziki wa Dar kwa sauti ya juu. Wali maharage, na nyama ya mbuzi kidogo. Nilikwenda kunawa mikono nyuma, na nilikuwa bado kwenye ndoo nilipowasikia wanaongea. Kwa Kiha. Kwa kawaida mbele yangu waliongea Kiswahili, ni adabu yao. Kiha changu kilikuwa cha salamu tu na maneno ya mikutano ya wazazi shuleni, lakini neno moja nililijua vizuri, abana, watoto, kwa sababu wazazi hawasemi jingine. Mzee Sefu alilisema. Akalisema tena. Mke wake akauliza kitu kifupi, naye akajibu kifupi zaidi. Kisha redio tu. Nilisimama na maji yanachuruzika kwenye viwiko, sijui nirudi au nibaki. Niliporudi, Mzee alikuwa ametoka kuswali. Mama Zuhura alikuwa na kijiko mkononi, chakula chake kizima.

"Mama, mnaongea watoto gani?"

"Wa shule yako," akasema. "Kula, Mwalimu, wali unapoa." Akaanza kula na yeye, haraka haraka, kama mtu anayewahi, na sikuwa nimewahi kumwona akila hivyo.

Gari la Kitahana lilikuwa limeegeshwa chini ya turubali, katikati ya shamba la mahindi, kuku wanatoka chini yake. Jeupe, refu, butu usoni. Mzee Sefu alilizunguka. Mwenye gari akaliwasha, akalipandisha tuta la mahindi akalishusha upande wa pili, magurudumu yote manne yanashika. Kwa mara ya kwanza nilisimama kando nikaona kitu nikakielewa: gari zito, refu kati ya magurudumu, boti haiwezi kulikandamiza mkia. "Hili litavuta," nikasema. Nilisema kweli, safari hiyo. Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Ndani kulikuwa kutupu, bati sakafuni, harufu ya mafuta na panya. Nikajiandaa kusikia habari ya viti.

Aliyepanda ndani ni Mama Zuhura. Alijifunga kanga vizuri, akapanda, akatembea ameinama mpaka mbele, akageuka. Akaweka kiganja ubavuni mwa gari, kushoto, akapima kwa mkono, kisha kulia. "Hapa liwekwe benchi," akasema. "Na hapa."

Mzee Sefu alishika mlango.

Mimi ndiye niliyedakia, mimi mjinga wa wajinga. "Mama, mabenchi ya nini? Si ulisema dagaa hawakai? Mko wawili tu!" Nilidhani namsaidia. Nilidhani amechoka, amekata tamaa, anamwachia mume ashinde. Alimtazama mume wake juu ya kichwa changu, akasema, "Weka. Ya mbao ngumu. Na yawe mafupi kwenda chini, miguu ifike." Sikuelewa ni miguu ya nani isingefika. Tulirudi Kasulu na lile gari siku iyo hiyo, mimi nimekaa nyuma kwenye bati, nikirushwa kila shimo, nimefurahi, nimechanganyikiwa, na goti linaniuma.

Fundi akachomelea ndoano. Seremala akafunga mabenchi. Safari ya kwanza boti ilitoka uani kwa shangwe, kuku wamefukuzwa, mihogo imehamishwa, watoto wa mtaa wanakimbia nyuma. Mzee Sefu alisema atarudi Alhamisi. Alhamisi ikafika. Nilitoka shule nikamkuta Mama Zuhura amesonga ugali mapema, ameufunika, amekaa barazani anatazama barabara. Mvua ilikuwa inanyesha kule chini, tuliona weusi wake. Alasiri ikapita. Akasema, "Utelezi." Nikasema, "Ndiyo, utelezi." Baadaye akasema, "Labda dagaa hawakupatikana." Nikasema labda. Mikono yake ilikuwa inakunja na kukunjua pindo la kanga, na nilijua kinachopita kichwani mwake kwa kuwa na mimi kilinipita: ameacha boti, amebaki. Akilini nililiona lile gari nililolichagua mimi limesimama ufukweni, halina kosa lolote, lina nguvu zote duniani, na mwenyewe hataki tu kuliwasha. Honi ilisikika jua linataka kuzama. Gari likaingia, boti nyuma yake, inavuja maji ya ziwa uani kwetu, ina majani ya ziwa kwenye kiuno. Nilipiga kigelegele, mimi Mwalimu, Mwanglikana wa Muheza, nikapiga kigelegele peke yangu.

Mama Zuhura hakupiga. Alikwenda nyuma ya gari akafungua mlango. Magunia ya dagaa yalikuwa katikati, na mabenchi pande zote mbili hayana mtu. "Wako wapi?" akauliza. Mzee Sefu akasema, "Amekataa." Basi. Mama Zuhura akafunga mlango, akaenda jikoni, nikamkuta analia juu ya ugali. Mume karudi, boti imerudi, na yeye analia! Nikamkumbatia, nikamwambia Mama furaha hiyo, mshukuru Mungu. Akaitikia kwa kichwa. Na tangu hapo, kila safari ilipokuwa ikirudi, boti ikilala nyumbani kama alivyotaka, nilimwona anachukua kitambaa kibichi anapangusa mabenchi yale, yasiyo na vumbi, yasiyokaliwa. Niliamini ni usafi. Mwanzoni mwa 2015 nikapata uhamisho kwenda kwetu, nikaondoka, wamenifungia gunia la maharage na chupa ya mawese, na sijui lolote.

Hayo yote yalinirudia nikiwa kwenye kiti cha mbele, tunapanda kilima kilekile cha migomba, sasa kina lami. Uani boti ilikuwepo, mpya kidogo, ya rangi ya bluu, kuku ndani yake. Kijana akashusha begi langu. Nilivaa kanga kichwani nikaingizwa chumba cha ndani, ambako wajane hukaa eda. Nilitegemea kumkuta Mama Zuhura peke yake. Kwenye mkeka mmoja walikuwa wamekaa wanawake wawili, wamevaa nyeupe, sinia moja la wali kati yao. Mama Zuhura alikuwa amezeeka. Mwingine alikuwa mnene, mdogo kwake, macho mekundu, na alikuwa anamtolea mwenzake miba ya mgebuka, anamwekea nyama upande wake. Nilibaki mlangoni.

"Karibu, Mwalimu," Mama Zuhura akasema. "Huyu ni Mama Jafari. Jafari ndiye aliyekupokea."

Nilikaa. Nikatazama mkono ule unaotoa miba, nikawaza uzi mwekundu, na nikasikia uso unawaka, kama vile mimi ndiye niliyefumaniwa. Wakanisimulia kwa kupokezana, mmoja anaanza, mwingine anamaliza. Mzee Sefu alimwambia mkewe pale Kibondo, kwenye wali, kwamba ana watoto wawili ziwani. Mama Zuhura akamwambia, boti ilale nyumbani, na wao walale nyumbani. Mama yao akakataa. "Nilijua anataka kuninyang'anya," akasema Mama Jafari. Mpaka ilipofika 2015 mwishoni, mdogo wake Jafari akaugua, kijijini hakuna zahanati, barabara hakuna, boti ya Mzee Sefu ikawachukua, na gari likawapandisha. Mwaka huo magari yalikuwa yanapita siku nzima na watu kutoka Burundi wanapelekwa kambi ya Nduta, na majirani walipowaona watoto wageni wanashuka kwenye benchi na shuka mabegani, wakauliza, hawa wakimbizi? "Nikawaambia ego," akasema Mama Zuhura. "Wamekimbilia kwangu."

"Mimi nilikuja mwaka uliofuata kuwachukua," Mama Jafari akasema.

"Ehe?" nikauliza.

"Ndiyo hivyo. Mpaka leo nimekuja kuwachukua." Akaweka kipande cha mgebuka upande wa mwenzake.

Hapo nililia, sikujizuia. Nililia kwa Mzee Sefu aliyekaa peke yake kwenye kiti cha mwisho cha haisi, nikadhani ananuna. Nililia kwa hasira pia, mwaka mzima nimeishi dirishani kwa watu, nimekula sahani mbili, na sikuona kitu. Jafari akaingia kuangalia kama nimepewa chai, akanikuta hivyo, akasubiri kwa adabu mpaka nikamaliza kufuta pua. Kisha akasema, "Mwalimu, samahani kwa wakati huu. Hili gari limechoka. Tunatafuta lingine la kuvuta boti, na Mama Mkubwa amekataa tusinunue mpaka wewe uje."

"Jamani," nikasema, "mimi boti sizijui. Sijawahi kuzijua."

"Mtoto wa Tanga!" wakasema wote wawili kwa pamoja, na Mama Zuhura akacheka kwa mara ya kwanza tangu niingie.

Jafari akasema amepata pikapu, ya dizeli, nzuri, inavuta. Zuhura ameolewa, mdogo wake mwenyewe yuko chuo, ziwani siku hizi wanakwenda yeye na msaidizi wake tu, viti vya mbele vinatosha. Akanitazama nikubali. Nami nikafungua mdomo kukubali, kwa kuwa safari hii kila kitu kilikuwa wazi.

"Na mabenchi," Mama Zuhura akasema.

"Mama Mkubwa, ya nini? Wa kukaa nani?"

Aliusogeza mkono wa mwenzake pembeni, akachukua kipande cha samaki mwenyewe, akakitazama kama kina mwiba.

"Watu wapo," akasema.

Mama Jafari akajifunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kumtikisika. Sikujua anacheka au analia, na safari hii sikuuliza.